Mtoto Asiye na Kasma

*Maneno haya yalisemwa mbele ya Baraza la Madiwani na wataalamu wa halmashauri moja ya wilaya nchini Tanzania, msimu wa kuandaa mpango na bajeti. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa divisheni na vitengo, watendaji wa kata, na ndugu zetu wa mashirika: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzisaidia serikali za mitaa zipange na kugharamia huduma za jamii kwa watoto. Mada kama hii huwa wanapewa watu wenye kompyuta na picha za ukutani. Mimi nimestaafu, nina kikaratasi hiki tu. Nimefanya kazi ya afisa mipango kwenye halmashauri zaidi ya moja. Kwa madiwani wageni, niwaeleze kazi hiyo ni ipi: afisa mipango huambiwa "hapana" na Mweka Hazina, kisha huja kuwaambia ninyi "hapana" kwa niaba yake.

Nilichokuja kusema ni kifupi. Huduma ya mtoto ambayo haina kiwango cha fedha kinachojulikana, wala haina kasma yake, yaani kifungu chake chenyewe kwenye bajeti, haitolewi. Itatajwa Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto watacheza ngoma na kusoma risala, mgeni rasmi ataahidi, kisha tutaonana tena Juni 16 ijayo.

Nianze na sheria, maana imejengeka dhana kwamba mtoto ni wa wizara, au ni wa shirika lenye gari jeupe. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imeipa mamlaka ya serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu kinachofuata kinamtaka mwananchi mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka hiyohiyo. Kwa hiyo bibi kule kijijini akimwona mtoto wa jirani anapigwa na kulazwa njaa, mlango anaotakiwa kupiga hodi ni wa kwenu. Swali langu leo ni hili: anayeufungua mlango huo ana nini mkononi?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu nusu yao hawajafikisha miaka 18. Mheshimiwa Diwani, katika kata yako ni makundi machache yenye watu wengi kiasi hicho. Na hakuna lingine ambalo halina hata kadi moja ya kupigia kura. Hilo la pili, kwa maoni yangu, linaeleza mambo mengi kuliko utafiti wowote.

Sasa twende kwenye kalenda, kwa sababu watoto wengi wamepotelea humo. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, lakini huamuliwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka, vijiji na mitaa vikaibua vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, Kamati ya Maendeleo ya Kata ikachuja, menejimenti ikaingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, Kamati ya Fedha ikapitia, Baraza likapitisha mapema mwaka unaofuata. Halafu mkoa, halafu Hazina, na Aprili bajeti ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia serikali za mitaa, inasomwa bungeni. Atakayekuja Machi na hoja nzuri ya watoto ataambiwa ukomo wa bajeti umejaa. Na kweli utakuwa umejaa. Hakuna mtu anayemdanganya.

Na huko vijijini huwa wanaibua nini? Darasa, zahanati, kisima, kivuko. Sijapata kuona mkutano wa kijiji ukaibua nauli ya afisa ustawi wa jamii. Jengo linaonekana, lina jiwe la msingi, lina jina la aliyelizindua. Mwaka 2021, fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa shilingi milioni 20. Sibezi darasa. Nimesomea chini ya mwembe, naujua uzito wa paa. Lakini huduma nyingi za mtoto hazina paa. Ni mtu aliyesomea kazi, safari, simu iliyopokelewa, faili linalofuatiliwa. Vitu hivyo havizinduliwi, kwa hiyo havipati wa kuvisemea.

Mfano wa huduma iliyopata wa kuisemea ni lishe. Naomba nikae hapa kidogo.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo walikuwa wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha mahindi wengine, na mtoto anadumaa ghala likiwa limejaa. Kwa hiyo suala halikuwa chakula peke yake. Kuna mama anayerudi shambani jioni, kuna kinyesi karibu na kisima, kuna mtoto anayepewa uji mtupu mara mbili kwa siku. Mambo hayo hayatatuliwi kwa lori la mahindi, yanahitaji watu wanaotembea nyumba kwa nyumba.

Serikali ikafanya nini? Ilisema kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Desemba 2017 wakuu wa mikoa wakasaini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Septemba 2022, akiwa Rais, wakasaini tena. Mkoa ukaanza kuulizwa, mkoa ukaiuliza wilaya, wilaya ikamuuliza Mkurugenzi. Kwenye PlanRep lishe ikawa na lengo lake lenyewe, haijifichi tena ndani ya afya.

Shilingi 1,000 hazitoshi soda mbili. Hata hivyo, halmashauri yenye watoto 40,000 wa umri huo inapata milioni 40, na kwa fedha hiyo afisa lishe aliye makini anaendesha siku za afya na lishe za vijiji, anapima watoto mzingo wa mkono, anawafuata wenye utapiamlo mkali kabla hawajafika wodini. Kabla ya kiwango hicho, afisa lishe huyohuyo alikuwa anaandika madokezo ya kuomba mafuta, na majibu yakirudi na neno "subiri".

Sisemi kila kitu kimenyooka. Ziko halmashauri zilizotenga fedha hiyo kwenye makaratasi na kuitoa wiki ya mwisho ya Juni, ili ripoti ipendeze. Ziko zilizohesabu chai ya semina kuwa ni lishe, na kwa namna fulani ni kweli, waliokunywa walishiba. Lakini kwa kuwa kiwango kinajulikana, hata diwani wa darasa la saba anaweza kuchukua idadi ya watoto, akazidisha kwa 1,000, akasimama hapa na kuuliza: nyingine iko wapi? Uwezo huo wa kuuliza ndio ninaoutaka kwa huduma nyingine.

Kwa sababu mkitoka lishe mkaingia ulinzi wa mtoto, mnakuta giza. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulianza mwaka wa fedha 2017/18, na awamu ya pili ikazinduliwa 2024. Umetuundia kamati kuanzia kijiji na mtaa hadi halmashauri. Ni mpango mzuri, nimeusoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ndio uliotufumbua macho: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watu waliosomewa takwimu hizo walilia. Halafu tukaunda kamati, tukaiacha bila shilingi.

Angalieni mahali afisa ustawi wa jamii anapokaa. Muundo wa sasa unamweka kwenye Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, wakati kamati za MTAKUWWA zinaratibiwa na wenzao wa Maendeleo ya Jamii. Mganga Mkuu akishapewa ukomo wake ana wodi, ana dawa, ana gari la wagonjwa linalodai matairi. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Ustawi unapata kilichobaki, na kilichobaki aghalabu ni rimu za karatasi.

Sasa fuateni kesi moja. Mwalimu anagundua mtoto wa darasa la nne amebakwa na mtu wa nyumbani. Mtendaji wa kata anapiga simu wilayani. Afisa ustawi lazima afike, na kata iko kilomita nyingi kutoka makao makuu. Mtoto apelekwe kituo cha polisi, dawati la jinsia na watoto, ipatikane PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, afike hospitali mapema, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU ina saa zake na ushahidi pia una saa zake. Usiku huo hawezi kurudi nyumba ileile, anahitaji mlezi wa kuaminika ambaye naye atamlisha. Baada ya miezi, mashahidi waitwe mahakamani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara ni nauli. Ukikata kipande kimoja tu cha njia hiyo, kesi imekufa. Familia zitakaa, mbuzi atachinjwa, mtuhumiwa atarudi kuchunga ng'ombe na mtoto atahamishwa kwa shangazi. Tutasema jamii haitoi ushirikiano. Jamii ilitoa. Sisi ndio hatukuwa na petroli.

Tuhesabu pamoja, Mweka Hazina unirekebishe. Chukua halmashauri ya kata 20. Kila kata safari mbili kwa mwezi, kila safari lita tano za pikipiki, lita moja tuiweke shilingi 3,000. Hiyo ni 600,000 kwa mwezi, milioni saba na laki mbili kwa mwaka. Haifiki nusu ya darasa. Ongeza nauli za mashahidi, ongeza chakula cha mtoto aliye kwa mlezi, ongeza vikao vya kamati kila robo, bado hatujamaliza madarasa mawili. Nimekuwa nikiisikia hoja kwamba halmashauri hazina fedha za kulinda watoto. Kwa kiasi hiki, hoja hiyo siipokei.

Pendekezo langu ni Baraza lenu liweke azimio: kila mwaka itengwe shilingi 300 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka 18, kwa ajili ya ulinzi na ustawi wake, yenye kasma inayosomeka na isiyohamishwa bila kurudi Barazani. Halmashauri yenye watoto 120,000 itapata milioni 36. Hamhitaji kusubiri waraka. Baraza lina mamlaka juu ya mapato yake ya ndani, ndiyo maana serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zikarudishwa kwa sheria za 1982.

Najua atakayesimama kuuliza kwa nini tusiombe asilimia, kama ile asilimia 10 ya mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ina kazi yake, ikimfikia mama inamfikia mtoto pia. Ila asilimia inafuata mapato. Mapato yakishuka, mgawo unashuka, na watoto hawapungui. Tena kila asilimia mpya inabana zilizotangulia, mpaka Mkurugenzi anabaki na fedha ambayo imeshagawanywa kabla hajaamka. Kiwango kwa kila mtoto kinamtazama mtoto kwanza.

Lakini kiwango nacho kinaoza kisipotazamwa. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, na siku zile hizo zilikuwa karibu dola 10 za Marekani. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 ikaendelea na kiwango kilekile. Chukueni simu zenu mwangalie dola 10 leo ni shilingi ngapi, halafu mtajua kwa nini mwalimu mkuu anachangisha fedha ya chaki kwa aibu. Kwa hiyo azimio liseme kiwango kitapitiwa kila baada ya muda fulani, na muda huo uandikwe.

Jambo lingine la mapato ambalo halisemwi sana ni majira. Halmashauri ya wakulima inaishi kwa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, hazina ya halmashauri ikabanwa. Hicho kilichobaki kinakuja kwa msimu. Kwenye korosho fedha inaonekana kuanzia Oktoba, na kufika Machi akaunti imekauka. Mtoto naye anaugua Machi, anapigwa Machi. Basi mpango wa mtiririko wa fedha uonyeshe kwamba msimu ukifika, sehemu ya watoto inatengwa mapema, kabla ya safari za mafunzo. Hili ni la Mweka Hazina na Mkurugenzi, halihitaji hata azimio, linahitaji ukali tu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Ziko halmashauri zenye watoto wengi na ushuru kidogo, na ukizipa kiwango kilekile unazibebesha zaidi kuliko jiji lenye viwanda na maduka. Hapo Hazina lazima iingie. Kanuni ya ruzuku ya afya iliyoanza mwaka 2004 ilitazama idadi ya watu, umaskini, umbali wa njia, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Ustawi wa jamii unastahili kanuni ya namna hiyo. Wabunge wetu waliopo ukumbini, hilo ni la kwenu.

Sasa ndugu zangu wa mashirika. Mmetualika, mmelipia ukumbi, nawashukuru, na ninawasema mkiwepo. Miradi mingi ya watoto inakuja na mpango wake, fomu zake, watu wake wa kujitolea, posho yake. Mradi unaisha, fomu zinabaki kabatini, wale wa kujitolea wanahamia mradi mwingine. Wakati huohuo afisa ustawi alikuwa chumba cha pili, hana kiti. Kama mnataka kusaidia halmashauri kupanga, njooni Novemba, mkae na afisa mipango wakati PlanRep iko wazi. Shughuli zenu ziingie humo zikiwa na jina la halmashauri, na iandikwe mwaka gani halmashauri itabeba robo, mwaka gani nusu, mwaka gani yote. Shirika lisilotaka kuandika hivyo halina nia ya kuondoka, au lina nia ya kuondoka na kila kitu.

Inawezekana, kwa sababu imeshafanyika. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilipoanza Mbeya mwaka 2013 utaratibu wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, wadau walisaidia, lakini cheti kikaandikwa na mtendaji wa kata na muuguzi wa zahanati, watu ambao tayari walikuwa kwenye orodha ya mishahara. Kabla ya hapo mzazi alifuata cheti wilayani, na wengi hawakukifuata. Kuanzia 2017/18 fedha za afya zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Wengi wetu tulisema zitaliwa. Ziko zilizoliwa, tusidanganyane, na wakaguzi wameziandika. Ila zahanati nyingi zilinunua glavu zake bila kusubiri saini ya mtu aliye Dodoma kwenye kikao.

Kuhusu malezi ya awali, tangu Desemba 2021 tuna programu jumuishi ya taifa kwa watoto wa umri wa 0 hadi 8. Nitaliacha kwa afisa maendeleo ya jamii, ni mada ya siku nzima. Niseme tu kwamba nayo isipopata kiwango na kasma itakwenda njia ya kamati zile.

Mheshimiwa Mwenyekiti, rasimu ya azimio nimemkabidhi Katibu wa Baraza. Ina ukurasa mmoja na nusu. Kiwango cha shilingi 300 nimekiandika kwa penseli ili Kamati ya Fedha ikipandishe kama itaona inafaa. Kifungu cha mafuta ya pikipiki nimekiandika kwa wino. Madiwani, kabla ya kikao cha kamati ya kata, mwombeni afisa ustawi daftari la watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Sheria inaitaka halmashauri iwe nalo. Kama halipo, hiyo ndiyo shughuli ya kwanza ya kuandikwa kwenye mpango, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kikao hiki.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali naomba yaanzie kwa Mweka Hazina, maana namwona ameshatoa kikokotoo.